Albamu mpya za rock na indie: Mdou Moctar kachomoa waya wa umeme. Amepoa au ndiyo amewaka?

#1 NyuziSita

Wakuu, salaam.

Najua uzi wa magitaa humu jukwaani hupata wachangiaji wanne, na mmoja wao huwa kapotea njia. Si neno. Februari 2025 nzima bando langu limeishia kwenye albamu mpya, sasa nayatoa yote kabla sijayasahau. Atakayepinga apinge, ila apinge akiwa amesikiliza.

Squid, Cowards, 7 Februari. Hawa wametokea Brighton, Uingereza, na anayeimba ndiye huyohuyo anayepiga dramu. Albamu nzima inahusu ubaya wa binadamu. Wimbo wa kwanza tu ni habari ya kula nyama ya watu. Nimeisikiliza mara mbili nikifua. Mara ya tatu imenishinda, na si kwa sababu ya nyama. Kila wimbo una kona tano, mimi nikifika ya tatu nimeshasahau tulitokea wapi.

Horsegirl, Phonetics On and On, 14 Februari. Mabinti watatu wa Chicago. Kwenye albamu yao ya 2022 magitaa yalivuma mpaka sauti zikazama. Safari hii wamempata prodyuza Cate Le Bon, naye kafagia nyumba: gitaa moja linadonoa, jingine linajibu, basi. Kuna mahali wanaimba da-da-da kama watoto wanaoruka kamba. Mke wangu kauliza kama wamesahau maneno. Mimi naipenda hivyohivyo, imekaa kama chumba chenye mkeka na kigoda kimoja.

Sam Fender, People Watching, 21 Februari. Kijana wa North Shields, kaskazini mashariki ya Uingereza. Huko kwao imekamata namba moja. Sauti anayo, maneno anayo, lakini kila wimbo unakimbilia uwanja wa mpira. Hata akiimba kuhusu jikoni kwao nasikia watu elfu hamsini wakiitikia. Nimechoka njiani.

Sasa tufike kwenye kilichonifanya nifungue uzi.

Mdou Moctar, Tears of Injustice, 28 Februari. Kwa wasiomjua: Mtuareg, yaani watu wa jangwa la Sahara, kutoka Niger, anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, vidole vitupu, anaimba Kitamasheki. Mei 2024 alitoa Funeral for Justice, albamu ya umeme ambayo ukiifungulia sauti jirani anagonga ukuta. Humo viongozi wa Afrika wanasemwa, Ufaransa inasemwa, na Watuareg wenyewe wanasemwa kwa kuiacha lugha yao. Kabla haijatoka, Julai 2023, bendi ikiwa ziarani Marekani, jeshi likapindua serikali huko Niger. Mipaka ikafungwa. Watatu kati ya wanne ni watu wa Niger, wakawa hawana pa kurudi. Ziara ilipoisha wakaingia studio Brooklyn, wakaketi, wakazipiga upya nyimbo zilezile 8 kwa magitaa makavu. Siku 2 tu. Baadaye Ahmoudou Madassane, yule wa gitaa la pili, alipofika nyumbani akarekodi kikundi cha Watuareg wakiitikia, na sauti zao zikaingizwa humo.

Kwa hiyo tuna maneno yaleyale na watu walewale, mara moja kwa umeme, mara moja bila. Mimi nasema ya pili inachoma zaidi. Ile ya kwanza ni mtu anayegombana barabarani. Hii ni mtu huyohuyo kaketi kwako sebuleni saa nne usiku, hapandishi sauti, na hamalizi kusema.

Karibuni.

#2 MpitaNjia

Mimi ndiye yule aliyepotea njia. Endeleeni.

#3 ChesterMilele

Mkuu umeandika yote hayo na Linkin Park hukuitaja hata kwa bahati mbaya? From Zero, 15 Novemba 2024, ndiyo iliyoturudisha wengi kwenye rock baada ya kimya cha tangu 2017 alipofariki mwimbaji wao Chester Bennington. Mwimbaji mpya, Emily Armstrong, mwanzoni nilimkataa kabla sijamsikia, nakiri. Nilikuwa nimejaa. Halafu nikaikuta Heavy Is the Crown, anapiga ukelele mmoja mrefu pale, mimi niliyekaa kwenye kochi ndiye nikaishiwa pumzi.

Tatizo langu ni moja. Albamu nzima ni nusu saa na kidogo, na imepangwa ili mimi mtu wa Hybrid Theory, albamu yao ya kwanza, nisijisikie mgeni. Hata jina ni kumbukumbu, bendi ilianza ikiitwa Xero. Nimefurahi kama mtu aliyerudi kijijini akakuta nyumba imepakwa rangi ileile. Unafurahi, lakini kesho yake unaanza kuuliza huku kuna nini kipya.

Huyo wa Niger sijamsikia. Naenda kumsikiliza, nakuja.

#4 MamaZamuYaUsiku

NyuziSita mdogo wangu, kwa Sam Fender umekosea, na nitakwambia kwa nini.

Mimi nipo Uingereza mwaka wa tisa, kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Ule wimbo wenye jina la albamu anamwimbia mwanamke aliyemlea kisanaa, alikuwa kama mama yake wa pili, akafia kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Siku za mwisho yeye alikuwa pale pembeni yake, na wimbo ni ile safari ya kutoka pale kurudi nyumbani huku unaangalia watu barabarani wanaoendelea na mambo yao. Anasema wazi kwamba mahali penyewe palikuwa pamechakaa na wafanyakazi hawatoshi. Sijawahi kusikia mtu mwenye gitaa akiitaja kazi yangu. Kituo changu cha kwanza, nisichokitaja, tulikuwa wawili kwa wazee 31 usiku kucha. Nilipousikia kwenye basi saa moja asubuhi nikapitiliza kituo.

Unasema unakimbilia uwanjani. Ndiyo, unakimbia. Ukitoka zamu ile unataka wimbo unaokimbia. Wa kukaa kwenye kigoda waachie walio na usingizi.

Mdou nitamsikiliza baada ya futari, sitaki kubishana na swaumu.

#5 MetaliYaNai

Wasee wa TZ mko poa? Niaje.

Mimi nitakuwa mbaya kwenye huu uzi. Acoustic ni muziki wa watu wenye kazi ya ofisi. Hasira bila umeme ni malalamiko. Funeral for Justice ilinipiga kofi, hiyo nakubali, yule jamaa anapiga gitaa kama anafukuzwa na polisi. Sasa mnaniambia ameketi chini na kikombe cha chai? Buda, zii.

Na kama mnataka hasira mpya mbona mnavuka Sahara? Lord Spikeheart, The Adept, 2024, wa hapa hapa Nairobi. Mlimjua akiwa kwa bendi ya Duma na Sam Karugu, ile albamu ya 2020 iliyotoka Kampala kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes. Duma kwa Kikuyu ni giza, msidhani ni yule mnyama. Peke yake sasa amezidi. Amemtolea albamu mama ya nyanya yake, Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa Mau Mau. Hiyo ndiyo historia, na haikuimbwa kwa kunong'ona.

#6 MzeeWaSolo

Vijana, hamjambo.

Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu na huo muziki kaniwekea kwenye simu yake. Nimeusikiliza wa huyu Mdou, yote miwili, wa kelele na wa kimya. Wengine mliowataja sikuwasikiliza. Huyo wa Nairobi mjukuu aliniwekea dakika moja, nikamwomba azime, si kwa ubaya.

Mnaiita rock. Mimi naisikia dansi. Hapa Morogoro tulikuwa na bendi, kila mtu alijua kazi yake: solo, ridhimu, besi. Mtu wa solo ndiye aliyeondoka na sifa, lakini wimbo ulibebwa na ridhimu. Mbaraka Mwinshehe akiingia na solo unamsikia kabla hajaimba, watu wanasimama. Sasa msikilizeni huyo mliyesema gitaa la pili, Madassane. Hatoki. Anazunguka palepale kama ng'ombe wa kukamulia mafuta, na mwenzake anaruka juu yake. Kwenye ile ya umeme kelele imemfunika. Kwenye hii kavu ndiyo nimemwona. Kwa hiyo sijui habari ya hasira. Mimi nasema kwenye hii ya pili bendi imeonekana.

#7 NyuziSita

Shikamoo mzee wangu. Umenipa kitu ambacho masikio yangu yalikuwa yanakizunguka bila kukishika. Nimerudi kuisikiliza kwa ajili ya ridhimu tu na ni albamu nyingine kabisa.

MetaliYaNai, kikombe cha chai hakipo. Jamaa anapiga kwa kasi karibu ileile, kilichoondoka ni ule ukungu wa amplifaya. Makosa unayasikia, kucha unazisikia kwenye nyuzi. Kwenye umeme unaweza kujificha nyuma ya sauti, muulize yeyote aliyewahi kupiga kanisani.

MamaZamuYaUsiku, dada yangu, nimekaa kimya kwanza. Nimeurudia ule wimbo bila kufanya kazi nyingine. Bado uzalishaji wake naona umepambwa mno, lakini neno "nimechoka" nalirudisha mfukoni.

#8 MetaliYaNai

> Kwenye umeme unaweza kujificha nyuma ya sauti

Hapo umenigusa vibaya kwa sababu mimi hupiga gitaa na hujificha hapo. Lakini sijabadilisha msimamo.

Heshima kwako mzee. Dakika moja ni nyingi, mamangu huvumilia sekunde kumi.

#9 GitaaKavu243

Jambo yenu wote, mie niko Lubumbashi.

Mnabishana kama gitaa kavu ni gitaa la umeme lililopoa. Huku kwetu mambo yalianza kinyume. Kavu ndilo lilikuja kwanza. Mwenda Jean Bosco alipiga peke yake, vidole viwili tu, na mtu akipita nje anazani kuna watu watatu ndani. Hugh Tracey alimrekodi 1952, na nyimbo zake kwa Swahili yetu zikafika hadi kwenu Nairobi. Hakukuwa na waya wa kuchomoa. Hakuna aliyesema Mwenda amepoa.

Na huyo Mdou vilevile. Gitaa lake la kwanza alijitengenezea mwenyewe, mbao, na nyuzi zilikuwa waya za breki za baiskeli. Kisha nyimbo zake zikatembea Sahara bila redio wala duka, simu hadi simu, kwenye memori kadi. Mmarekani mmoja mwenye lebo ya Sahel Sounds alizikuta kwenye hizo simu. Kwa hiyo kwake kavu ni kurudi nyumbani, na ndiyo siku ambazo alikatazwa kurudi nyumbani. Mie nikiisikia hivyo inauma.

Wanaopenda mpya ya huku kwetu: KOKOKO! ya Kinshasa walitoa BUTU Julai 2024. Butu ni usiku kwa Lingala. Vyombo vyao vilianzia kwenye takataka za chuma na plastiki. Si rock, lakini MetaliYaNai utapona.

#10 MzeeWaSolo

Waya za breki! Sisi tulifunga kwenye kopo la mafuta ya kula. Mwenye baiskeli akaja kulitafuta breki lake, akalikuta linaimba.

#11 MlinziWaBando

Samahani naingia kwa jambo la kiuchumi. Mnapendekeza albamu bila kuangalia gharama.

Mfano The Cure, Songs of a Lost World, 1 Novemba 2024. Wimbo wa kwanza, Alone, zaidi ya dakika tatu zinapita ndipo mwimbaji wao Robert Smith anafungua mdomo. Wa mwisho, Endsong, unazidi dakika kumi na hapo unangoja zaidi ya sita. Mimi nililipa bando la saa moja! Nilidhani simu imekwama, nikaizima nikaiwasha.

Na mwingine alinielekeza Cindy Lee, Diamond Jubilee ya 2024. Nyimbo 32, masaa mawili na zaidi. Ilipotoka haikuwepo kwenye programu yoyote ya muziki, ilikuwa YouTube kama video moja ndefu, au uipakue kwenye tovuti ya kizamani iliyoomba dola 30. Nilisikiliza saa ya kwanza mwezi wa kumi na moja, ya pili mshahara ulipotoka. Lakini wallahi ni nzuri. Ni kama redio ya jirani ya miaka ya 60 unaisikia kupitia ukuta, mawimbi yanakuja yanaondoka.

Jack White ndiye mwenye huruma. Julai 2024 ukinunua kitu kwenye maduka yake ya santuri unatiliwa santuri yenye lebo nyeupe ndani ya mfuko, bure. Watu wamefika nyumbani ndipo wanagundua ni albamu nzima mpya. Ndiyo ile No Name. Ila ni Nashville, Detroit na London, huku Tandika haikufika.

#12 MamaZamuYaUsiku

Kaka usimguse Robert Smith. Miaka 16 watu walimngoja, tangu albamu yao ya 2008, wewe dakika tatu zinakushinda?

Ule wimbo wa kaka yake aliyefariki, I Can Never Say Goodbye, piano inarudiarudia kitu kilekile kama mtu anayezunguka chumba akitafuta miwani. Na sauti yake haijazeeka, ilipotoka alikuwa na miaka 65, anaimba kama kijana aliyeachwa jana. Hapa Uingereza ilikwenda namba moja, mara ya kwanza tangu Wish ya 1992. Mimi kwenye kazi yangu naona watu wa umri wake kila siku, ndiyo maana sipendi mtu akisema "wazee warudi nyumbani". Nani kawaambia wamemaliza kusema?

Haya, nimefuturu, nimemsikiliza Mdou wenu. Sielewi neno hata moja na nililia kwenye wimbo wa tatu. Sasa niambieni anasema nini, isije ikawa nalia kwa habari za ngamia.

#13 NyuziSita

Hahaha, ngamia hawamo dada. Imouhar ni jina Watuareg wanalojiita wenyewe, anawahimiza waitunze lugha yao. Oh France jina lake linajieleza. Modern Slaves nayo pia. Si nyimbo za mapenzi ya jangwani kama watu wa nje wanavyodhani kila wakiona kilemba.

Kuhusu lugha, kuna kisa nakipenda. 2015 Mdou aliigiza kwenye filamu iliyofuata nyayo za Purple Rain ya Prince. Kutafsiri jina ikawa shida, Kitamasheki hakina neno la zambarau. Filamu ikaitwa kwa maana ya mvua ya rangi ya buluu yenye wekundu kidogo ndani yake. Sisi tumepona kwa sababu ya tunda.

#14 ChesterMilele

Nimerudi kutoka Niger. Nimesikiliza ya umeme kwanza, kisha kavu, kwa hedifoni, taa zimezimwa.

Ya umeme nimeipa tisa. Kavu nimeipa sita. Msinipige. Ninyi mnasikia sebule saa nne usiku, mimi nasikia mazoezi. Wimbo wa Funeral for Justice wenyewe unahitaji ule mlipuko wa mwanzo, bila ule ni kama kuangalia penalti kwenye redio.

Halafu kuna hili la kusema bendi ilikwama ugenini. Inasikitisha, lakini kama nisingelijua ningelisikia? Nimejiuliza kwa ukweli. Sidhani. Wakuu mnasikiliza habari kuliko nyimbo.

#15 GitaaKavu243

Hapo una haki kidogo. Lakini hata Linkin Park wewe unasikiliza habari, ndugu. Toa Chester kwenye hiyo historia, From Zero itabaki nini?

#16 ChesterMilele

Aisee.

Hilo nitakujibu wiki ijayo.

#17 MpitaNjia

Nilipotea njia juzi, leo nina albamu tano kwenye simu. Horsegirl ndiyo wameniteka, da-da-da mpaka kwenye daladala. Konda kaniuliza kama nadai chenji.

#18 MetaliYaNai

Sawa, story fupi. Jana usiku stima zilipotea mtaa mzima. Amp imekufa, kompyuta imekufa, simu iko asilimia kumi na moja. Nikasema wacha nione hii chai yenu.

Niliweka simu ndani ya sufuria ndio sauti itoke. Nimesikiza mpaka simu ikazima, kama nyimbo nne hivi. Kuna mahali wale watu waliorekodiwa Niger wanaitikia, na huko nje kwa corridor majirani wamekaa wanaongea juu hakuna TV, sauti zikachanganyika, sikujua nani yuko Brooklyn, nani yuko Niger na nani ni Mama Brayo.

Bado nasema ya umeme ni kali. Lakini ile ya umeme ningeiweka saa hiyo ningesikia nini? Hakuna stima.

#19 MzeeWaSolo

Sufuria ni spika nzuri. Ya udongo ni bora zaidi.

NyuziSita mwanangu, mjukuu anarudi chuoni Jumapili na simu yake. Mimi yangu ni ya vitufe, ila ina mahali pa memori kadi. Nifanyeje nibaki na huyu Mtuareg?

#20 NyuziSita

Mzee, namba nitaomba kwa ujumbe wa faragha. Hizo albamu zake mbili nimezinunua, nakuwekea kwenye kadi, inapanda basi la Morogoro kesho. Mwenyewe alianza kusafiri hivyo, sidhani atatushitaki. Kadi ina nafasi, niongeze nini?

#21 MzeeWaSolo

Wale mabinti wa da-da-da niongezee, nimesikia sifa zao. Yule wa Nairobi usiweke.

#22 MetaliYaNai

Weka moja tu. Mwishoni kabisa, jina andika "Taarab".